Mafuta yakipanda bei, wasafiri wa Dodoma husongamana njia moja

KILA Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa nchi nzima. Tangazo hilo huwa na jedwali refu, mkoa kwa mkoa na wilaya kwa wilaya, lakini wengi wetu huusoma mstari mmoja tu, ule wa Dar es Salaam. Msomaji wa Dodoma akiteremka chini ya jedwali hukuta mji wake unalipa makumi kadhaa ya shilingi zaidi kwa kila lita. Akiendelea kuteremka, hukuta Kondoa inalipa zaidi ya Dodoma.

Sababu haina siri. Shehena hushushwa bandarini, na kila kilomita ambayo lori la mafuta hupanda kuelekea uwanda wa kati huingizwa katika bei ya mwisho. Anayekaa mbali na bahari hulipia umbali huo mara mbili: kwanza anapoletewa mafuta, kisha anapoyachoma ili atoke huko aliko.

Mazungumzo yetu kuhusu bei ya mafuta kwa kawaida huishia kwenye kauli moja, kwamba mafuta yakipanda watu hawasafiri. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, ila haitoshi kueleza yanayotokea Dodoma. Mtumishi aliyeitwa na wizara atakwenda. Mkulima mwenye shauri la ardhi atakwenda. Mwanafunzi anayerejea Chuo Kikuu cha Dodoma atakwenda, hata kama baba yake atauza mbuzi. Kinachobadilika ni namna ya kwenda, na mabadiliko hayo ndiyo yanayoamua ni stendi ipi itafurika, ni nyumba ipi ya wageni itajaa, na ni barabara ipi itabaki na vumbi lake bila gari.

Tuanze na kumbukumbu. Baada ya vita vya Ukraine kuanza Februari 2022, bei ya mafuta ghafi duniani ilivuka dola 120 kwa pipa. Mei mwaka huo bei kikomo ya petroli jijini Dar es Salaam ilifika Sh3,148 kwa lita. Serikali ikatangaza ruzuku ya Sh100 bilioni kuanzia Juni. Pamoja na ruzuku hiyo, Agosti 2022 petroli iliuzwa Sh3,410 na dizeli Sh3,322. Bei zikashuka kwa muda, kisha zikapanda tena: Oktoba 2023, nchi ikiwa na uhaba wa dola za kununulia mafuta hayo, dizeli ilifika Sh3,448. Hizo zote ni bei za Dar es Salaam. Za uwanda wa kati zilikuwa juu zaidi.

Sasa tufanye hesabu ndogo, kwa sababu humo ndimo jambo lote lilimojificha. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 450. Gari dogo linalotumia lita 10 kwa kila kilomita 100 litachoma lita 45. Mafuta yakiwa Sh3,300 kwa lita, safari ya kwenda tu ni Sh148,500. Yakipanda kwa Sh500, mwenye gari anaongeza Sh22,500 kutoka mfukoni mwake, peke yake.

Basi kubwa kwa njia hiyo hiyo linaweza kuchoma lita 150. Ongezeko lile lile la Sh500 linamgharimu mwenye basi Sh75,000, fedha nyingi kwa macho. Lakini zikigawanywa kwa abiria 50, kila mmoja anabeba Sh1,500, bei ya sahani ya chakula kwa mama lishe. Ongezeko ni moja kwa wote wawili, ila mmoja analitafuna peke yake na mwingine analigawana na wenzake 49.

Ndiyo maana mafuta ghali huzaa msongamano. Kadiri lita inavyopanda, ndivyo faida ya kukaa pamoja inavyoongezeka. Mwenye gari analiacha nyumbani. Wawili waliokuwa wakienda kwa magari mawili wanapanda moja. Mwenye basi naye, akiona faida inaliwa na tenki, anaunganisha safari mbili za mchana kuwa moja na kusubiri viti vyote vijae. (Yapo magari ambayo hayana habari na Jumatano ya kwanza ya mwezi, yale ambayo tenki lake hujazwa na Hazina. Hayo tuyaache yaende.)

Kwa upande wa mashariki, Dodoma imepata bahati ambayo haikuwapo mwaka 2022. Treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 25, 2024, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi Agosti 1 mwaka huo. Nauli ya treni ya kawaida ilianza kwa Sh31,000 kwa mtu mzima, na safari ikachukua takriban saa nne au chini yake, ilhali basi huchukua saa saba au nane hata pasipokuwa na ajali wala foleni. Treni hiyo haichomi dizeli, hivyo nauli yake haifuatani na jedwali la EWURA. Mtu anayesafiri peke yake kwa gari dogo, kwa hesabu ya hapo juu, hutumia kwa mafuta pekee karibu mara tano ya tiketi hiyo.

Matokeo yake hayashangazi. Msimu wa sikukuu za Desemba, vikao vya bajeti vya Bunge kati ya Aprili na Juni, na wiki ya Nanenane katika viwanja vya Nzuguni, tiketi za treni hugombewa. Hata malazi yamebadilika. Aliyekuja na gari lake aliweza kulala Chamwino, Kibaigwa au Kongwa, akaingia mjini asubuhi. Aliyekuja kwa treni au basi hana anasa hiyo. Ni lazima alale mahali ambapo bodaboda itamfikisha kwa nauli ya kawaida. Kwa hiyo vyumba vya katikati ya mji hujaa, bei yake hupanda, na wa vijijini aliyekuja kufuatilia hati au rufaa hujikuta akilala kwa ndugu wa ndugu yake, chini, kwenye mkeka. Ikumbukwe pia kwamba mji wenyewe si ule wa zamani: sensa ya 2012 iliikuta Dodoma Mjini na watu 410,956, na ile ya 2022 ikaikuta na 765,179.

Historia ya uwanda huu inajua vema msongamano wa aina hii. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilikatiza Ugogo, na kabla ya kuingia ilivuka mbuga kavu ya Marenga Mkali ambako maji yalikuwa haba na ya chumvi. Waliofika walipiga kambi mahali penye visima, wote mahali pamoja, maana hapakuwa pengine. Watemi wa Wagogo walitoza hongo, na ndani ya hongo hiyo mlikuwamo bei ya maji. Msafara mkubwa ulilipa na kugawana. Mdogo ulisubiri mwingine upite ili ujiunge nao. Wasafiri wa Kizungu waliopita humo waliandika kwa hasira nyingi kuhusu hongo hiyo, ingawa ni vigumu kuona ni kwa nini mwenye kisima katika nchi ya ukame asitoze. Leo kisima ni kituo cha mafuta, lakini namna ya kusafiri kwa kuungana imebaki ile ile.

Tugeukie sasa njia ya kusini hadi kaskazini, ambako hakuna treni. Kwa miaka mingi barabara ya Iringa, Dodoma, Kondoa na Babati, sehemu ya ile njia kuu ya Cape hadi Cairo, ilikuwa jina zuri kwenye ramani na tope zito kwenye ardhi. Msafiri wa Iringa aliyetaka Arusha alizunguka Morogoro na Chalinze. Lami ilipokamilika, na sehemu ya Dodoma hadi Babati ya kilomita 251 kuzinduliwa na Rais John Magufuli Aprili 2018, ilikuja na wageni ambao uwanda huu haukuwa umewazoea: malori makubwa ya watalii wanaobeba mahema yao, na magari ya wanandoa wa Ulaya au Afrika Kusini yenye hema juu ya paa, jiko nyuma na mapipa ya mafuta ubavuni. Ni watu wanaolala kambini na kupika wenyewe, na kituo chao kinachofuata hupangwa kwa kuangalia mshale wa mafuta.

Kutoka Iringa hadi Arusha kwa njia hii ni karibu kilomita 680. Gari kubwa la safari linalotumia lita 15 kwa kila kilomita 100 litachoma zaidi ya lita 100. Kila Sh500 inayoongezeka kwa lita ni Sh50,000 na ushei kwa gari lenye watu wawili. Kwa lori lenye watalii 20, hata likichoma mara mbili au mara tatu ya hapo, kila mmoja ataongeza shilingi elfu chache tu. Kanuni ni ile ile ya basi la Dar es Salaam. Mafuta yakipanda, wanaopungua kwanza ni wale wasafiri wawili wawili, nao ndio wanaosimama sokoni, wananunua asali na karanga, wanalipa kijana wa kuwaongoza na kubadili mipango kwa sababu wameona mlima mzuri. Lori la watalii lina ratiba yake.

Hata Marekani, nchi ya magari yaliyojengwa kama nyumba, hesabu hii iliwafika. Juni 2022 wastani wa bei ya petroli huko ulivuka dola tano kwa galoni kwa mara ya kwanza. Viwanda vilivyosafirisha magari hayo zaidi ya 600,000 mwaka 2021 vilisafirisha chini ya 500,000 mwaka 2022, ingawa riba za mikopo nazo zilichangia. Wenye magari hawakukaa ndani. Wengi walichagua kambi za karibu na nyumbani, wakakaa siku nyingi mahali pamoja badala ya kuruka kutoka jimbo hadi jimbo. Kambi za karibu zikajaa.

Jambo hilo linaihusu Kolo moja kwa moja. Kilomita takriban 180 kaskazini ya jiji la Dodoma, kando ya barabara hiyo ya lami, ndiko kuliko na ofisi ya Michoro ya Miambani ya Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mapango yake yanazidi 150, yametawanyika katika eneo la kilomita za mraba 2,336, na yapo ambayo watu wa huko bado huyatumia kwa matambiko. Ipo pia sehemu ya kupiga kambi karibu. Kwa anayepita njiani, kusimama Kolo hakumgharimu mafuta mengi: tayari yuko pale. Katika miezi ya mafuta ghali, mtalii mwenye busara hupunguza kilomita na kuongeza siku. Lau Kolo ingempa sababu ya kulala usiku wa pili, yaani waongozaji wa kutosha, njia za kwenda mapango ya mbali kwa miguu, chakula cha Warangi na maji ya uhakika, basi bei ya mafuta ingekuwa inaileta fedha badala ya kuifukuza. Ruaha haina nafasi hiyo. Kutoka Iringa ni zaidi ya kilomita 100 hadi hifadhini, na humo ndani kila simba anatafutwa kwa dizeli.

Anayeshindwa kufika Kolo ni mwenyeji wa Dodoma. Kwenda na kurudi ni kilomita 360 kabla ya kupanda kwenye mapango, na gari la kawaida litatumia lita zaidi ya 35, yaani takriban Sh120,000 kwa bei za 2023. Kwa mtu mmoja au wawili, treni ya kwenda kuona bahari na kurudi ni sawa au nafuu kuliko hapo. Kwa hiyo Mgogo wa Dodoma na Mrangi aliyehamia jijini wanapeleka akiba ya sikukuu yao pwani, kunakojaa watu, na michoro ya mababu iliyo kwenye mkoa wao wenyewe wanaiona kwenye kalenda. Shule nazo zinaweza kukodi basi na kugawana gharama. Mwalimu mwenye wanafunzi 12 tu wa somo la Historia hawezi.

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la starehe. Bei kubwa ya mafuta huzipendelea njia zenye watu wengi na kuzinyima njia zenye watu wachache. Dodoma na Dar es Salaam zitajaza basi siku zote. Je, Kondoa na Kwa Mtoro? Mpwapwa na Kibakwe? Huko gari haliondoki mpaka lijae, na mafuta yakipanda, maana ya kujaa hubadilika. Noah ya watu saba hubeba kumi na wawili. Bodaboda hubeba mshikaki, abiria wawili nyuma ya dereva na mtoto mbele juu ya tenki. Mgonjwa anayehitaji kufika hospitali ya wilaya husubiri abiria wenzake kama yule mwenye msafara mdogo pale Marenga Mkali.

Udhibiti wa nauli hausaidii sana huko. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilipandisha nauli ya basi la daraja la kawaida kwenye lami kutoka Sh36.89 hadi Sh41.29 kwa kilomita mwaka 2022, kisha hadi Sh48.47 Desemba 2023. Kwa viwango hivyo vya mwisho, kilomita 450 ni takriban Sh21,800, na abiria wa njia kuu anaweza kuonyesha tiketi yake na kulalamika. Aidha, mafuta hubadilika kila mwezi ilhali nauli hupitiwa baada ya mwaka na zaidi, na pengo hilo mwenye basi huliziba anavyojua. Kwenye njia ya vumbi hakuna tiketi. Nauli ni ile aliyoisema kondakta asubuhi hiyo, nayo ikishapanda kwa sababu ya mafuta, ni nadra sana kushuka mafuta yakishuka.

Lipo pia suala la nani anamlipia nani. Bajeti ya mwaka 2023/24 iliongeza tozo ya Sh100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kugharamia miradi ya kimkakati, na reli ya kisasa ni miongoni mwa miradi mikubwa ya aina hiyo. Mwandishi wa makala haya haipingi reli. Ameipanda na ameifurahia. Lakini mwenye Noah ya Kwa Mtoro ametoa Sh100 kwa kila lita tangu Julai 2023, na abiria wake wametoa pamoja naye, kwa ajili ya treni inayopita mbali na kwao. Wenye haki ya kuuliza wamepata nini ni wao, kuliko sisi tunaoshuka stesheni ya Dodoma tukiwa na vikapu vya machungwa ya Morogoro.

Ruzuku ya 2022 ilikuwa ya lazima wakati ule, na ingekuwa ukatili kutofanya lolote. Hata hivyo ilimfaidi zaidi mwenye tenki kubwa, kwani kila lita ilipunguziwa bei bila kuuliza inakwenda wapi. Gari la kifahari linalotafuta ubaridi wa kiyoyozi mjini Dodoma lilipata nafuu kubwa kuliko pikipiki ya Kibakwe. Mafuta yatapanda tena, kwa sababu hatuyachimbi na hatuamui bei yake, na itafaa siku hiyo fedha za aina ile zielekezwe kwenye viti badala ya matangi: mabasi ya kuunganisha yanayotoka stesheni ya Dodoma kwenda Kondoa, Singida, Iringa na Mpwapwa kwa saa zinazojulikana, yawe yamejaa au hayajajaa, na Serikali ilipie viti vitupu.

Jambo hilo halihitaji reli nyingine. Linahitaji ratiba moja inayoisoma ratiba ya treni, na LATRA kuweka katika leseni sharti la kuondoka kwa wakati, pamoja na fidia kwa mwenye basi. Kwa sasa abiria wa Chemba anayeshuka na treni ya usiku hufika Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa nne. Kisha hutafuta chumba, hulala, huamka alfajiri kwenda stendi, na huketi ndani ya gari lililozimwa injini ili kuokoa mafuta, akihesabu viti ambavyo bado havijapata watu.